Nini Kimo Ndani ya Kopo? Namna Mafuta ya Kujichubua Yanavyopimwa

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Wilaya za Ngara na Biharamulo. Maneno haya ni yale yaliyosemwa redioni. Yamepigwa chapa ili msomaji ayarudie polepole, na mwalimu apate kuyatumia ubaoni.

Leo hatutasoma habari za mibuni wala za migomba. Leo tutasoma habari za kitu kidogo kinachouzwa dukani, gulioni na hata katika mkoba wa mchuuzi: kopo la mafuta ya kupaka usoni. Tutajifunza jinsi wataalamu wanavyolipima kopo hilo wakajua kilichomo, hata kama aliyelitengeneza amekificha. Mwisho tutaona jinsi wewe mwenyewe, kwa kisomo ulicho nacho sasa, unavyoweza kujikinga.

Mwalimu wa darasa, kabla hatujaendelea, weka mezani vitu vitatu. Cha kwanza ni glasi ya maji safi. Cha pili ni karatasi nyeupe inayonyonya maji. Karatasi ya chooni iliyokunjwa mara mbili yafaa. Cha tatu ni kalamu nyeusi ya kuchorea ya watoto wa shule, ile ambayo wino wake hutoka kwa maji. Tutavihitaji baada ya muda mfupi.

MKOROGO NA MADHARA YAKE

Neno mkorogo linajulikana kwa kila mtu. Mtu huchukua mafuta ya aina mbili au tatu, akayakoroga pamoja, kisha akajipaka ili ngozi yake iwe nyeupe. Kitendo hicho twakiita kujichubua. Wengine hawakorogi wenyewe, bali hununua kopo lililokwisha tiwa dawa kiwandani. Yote ni mamoja.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Operesheni ile ilipiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi. Hoja kubwa wakati ule ilikuwa heshima na utamaduni, na watu walibishana sana. Leo sisi hatutabishana juu ya urembo. Tutazungumza juu ya figo, ngozi, na mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Mambo hayo hupimwa, na kipimo hakimpendelei mtu.

Mwalimu, andika ubaoni maneno matatu: zebaki, haidrokwinoni, steroidi. Wanafunzi, someni pamoja, silabi kwa silabi: ze-ba-ki. Hai-dro-kwi-no-ni. Ste-ro-i-di. Haya ndiyo mambo matatu yanayofichwa sana katika mafuta ya kujichubua. Tuyatazame moja moja.

La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo wanaijua. Ni madini yanayotiririka kama maji, na huikamata dhahabu iliyomo katika mchanga. Chumvi za zebaki zikitiwa katika sabuni au mafuta, huizuia ngozi kutengeneza rangi yake. Lakini zebaki haikai juu ya ngozi tu. Hupenya, ikaingia katika damu, ikafika kwenye figo. Figo ni chujio la mwili, na chujio likitoboka, chakula cha mwili hupotea pamoja na mkojo, na mwili huvimba. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60 wa namna hiyo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka mafuta ya kujichubua yenye zebaki. Tena, mama mjamzito huweza kuipitisha zebaki kwa mtoto aliye tumboni.

La pili ni haidrokwinoni. Nayo huizuia ngozi kutengeneza rangi. Mwanzoni ngozi hung'aa, na mwenyewe hufurahi. Lakini akijipaka kwa miaka mingi, hasa akiwa mtu wa juani, ngozi huweza kugeuka ikawa nyeusi ya kibuluu mashavuni, yenye vipele vidogo kama mchanga. Madoa hayo ni shida kubwa kuyaondoa. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa huu mwaka 1975. Kumbuka pia kwamba rangi yako ni mwavuli. Mkulima anayepalilia maharage saa sita za mchana bila mwavuli huo huungua.

La tatu ni steroidi. Hizi ni dawa za kweli za hospitali. Mganga huweza kumpa mgonjwa wa ngozi apake kwa muda mfupi, mahali padogo. Lakini mtu anayejipaka kila siku, mwili mzima, bila mganga, ngozi yake huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Hupata michirizi. Vidonda vyake huchelewa kupona. Dawa ikiingia mwilini kwa wingi, huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari.

MACHO HAYATOSHI

Sasa utaniuliza: "Mwalimu, nitalijuaje kopo lenye sumu?" Ukilifungua, mafuta ni meupe na laini, yananukia. Lililo salama ni hivyo hivyo. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikopo kilichopambwa vizuri. Jina la kopo na picha ya msichana iliyobandikwa juu yake havikuambii kilichomo.

Hapa kuna watu wawili wenye haki ya kujua. Wa kwanza ni mnunuzi. Yeye anaitoa fedha yake, na mwili ni wake. Wa pili ni mwenye duka. Labda amenunua bidhaa zake kwa uaminifu, na karatasi iliyobandikwa juu ya kopo haisemi neno lolote juu ya haidrokwinoni. Mkaguzi akisema, "Nadhani kopo hili ni baya," mali ya mtu haiwezi kuteketezwa kwa neno nadhani. Wala mkaguzi hawezi kusema, "Nadhani ni zuri," akawaacha akina mama wakaugua. Inatakiwa hakika, na hakika hutoka kwenye kipimo.

Lakini kupima nako kuna taabu yake. Katika kopo moja mna maji, mafuta, nta, manukato, rangi na dawa za kuzuia kuoza. Vyote vimekorogwa pamoja. Dawa tunayoitafuta ni kidogo sana ndani yake. Basi jambo la kwanza ni kuvitenganisha vitu hivyo, kila kimoja kisimame peke yake. Je, yawezekana? Ndiyo. Na ninyi mtaifanya kazi hiyo sasa hivi.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu, kata karatasi yako iwe ukanda wenye upana wa vidole viwili. Pima vidole viwili kutoka chini, uweke hapo nukta moja nene ya wino mweusi. Sasa shika ukanda, uchovye ncha yake ya chini ndani ya glasi ya maji. Nukta isiguse maji. Ikae juu yake kidogo. Subirini, mtazame.

Maji yanapanda katika karatasi kama yanavyopanda mafuta ya taa katika utambi. Yakifika kwenye nukta, yanauchukua wino na kwenda nao juu. Tazameni sasa: wino mweusi unaanza kugawanyika. Kwa kalamu nyingi mtaona buluu mahali pake, nyekundu au zambarau mahali pake, pengine na manjano. Kumbe weusi ule haukuwa rangi moja! Ulikuwa mkorogo wa rangi kadhaa, na maji na karatasi vimeufumbua.

Sababu yake ni nini? Kila rangi huvutwa na wawili. Maji huivuta iende, na karatasi huishika ibaki. Rangi inayopenda maji kuliko karatasi huenda mbali. Rangi inayoipenda karatasi hubaki nyuma. Hiyo ndiyo siri yote ya somo la leo.

Siri hii ilitumiwa na mtaalamu wa mimea wa Kirusi, jina lake Mikhail Tsvet. Mwaka 1903, katika mji wa Warsaw, alieleza jinsi alivyotenganisha rangi za majani mabichi. Alijaza bomba la kioo unga wa chokaa, akaupitishia maji ya majani. Rangi zikajipanga katika bomba, kila moja mahali pake. Mwaka 1906 akaipa njia hiyo jina la kromatografia. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni kuandika kwa rangi. Baadaye Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, waliiendeleza kazi hiyo mwaka 1941, na mwaka 1952 wakapewa Tuzo ya Nobel. Katika miaka ya 1960 zikaanza kutengenezwa mashine zenye pampu za nguvu. Mashine ya namna hiyo ndiyo inayopima mafuta ya kupaka siku hizi. Kazi yake huitwa kromatografia ya kimiminika. Kimiminika ni kitu chochote kinachomiminika, kama maji.

MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Fikiri habari za watu wawili wanaoondoka pamoja darajani Rusumo asubuhi, kwenda Nyakanazi. Miguu yao ni sawa, na mwendo wao ni sawa. Lakini wa kwanza hana mtu anayemjua njiani. Wa pili ana shemeji yake Benaco, ana rafiki Nyakahura, na ana mdeni wake Lusahunga. Kila mahali husimama, akasalimu, akaketi, akanywa uji. Je, watafika pamoja? Hasha. Wa kwanza atafika mapema, na wa pili atachelewa. Nawe ukiwa umekaa Nyakanazi na saa mkononi, utamjua kila mmoja kwa saa aliyofika.

Barabara ya mashine ni bomba fupi la chuma kisichoshika kutu. Aghalabu urefu wake hauzidi sentimita 25, na tundu lake la ndani ni la milimita 4 au 5 tu. Ndani yake limeshindiliwa unga laini mno. Punje moja ya unga huo huweza kuwa na upana wa sehemu 5 tu, ukiigawa milimita moja sehemu 1,000. Kila punje imepakwa kitu chenye tabia ya mafuta. Hao ndio mashemeji na marafiki wa njiani.

Katika bomba hilo hupitishwa maji yaliyochanganywa na spiriti iitwayo methanoli. Kwa kuwa unga umeshindiliwa sana, maji hayapiti kwa hiari yake. Pampu huyasukuma kwa nguvu ambayo mara nyingi huzidi mara 100 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Linganisha na tairi la gari dogo, ambalo hujazwa kiasi cha mara 2 tu.

Sasa dawa zikipitishwa humo, kila moja huonyesha tabia yake. Haidrokwinoni hupenda maji. Haisimami sana njiani, kwa hiyo hutoka mapema. Klobetasoli, ambayo ni steroidi kali, hupenda mafuta. Husimama kwenye kila punje, ikasalimu, na hutoka imechelewa.

Mwisho wa bomba pana jicho la mashine. Jicho hilo ni taa ya mwanga usioonekana kwa macho yetu. Maji matupu yakipita mbele yake, mwanga hupita wote. Dawa ikipita, huzuia sehemu ya mwanga, ikatia kivuli. Kompyuta huchora mstari. Pasipo na kivuli mstari huenda tambarare. Penye kivuli mstari hupanda na kushuka, ukafanya kilima kama vilima vya Ngara. Dawa ikiwa nyingi, kilima ni kikubwa. Ikiwa kidogo, kilima ni kidogo.

KAZI YA MPIMAJI, HATUA KWA HATUA

Kwanza, mkaguzi huchukua kopo dukani akalifunga na kulitia muhuri. Huandika jina la mafuta, namba ya toleo, mahali alipolichukua na tarehe. Mwenye duka hutakiwa kujua kilichochukuliwa. Kopo likipotezewa maandishi yake njiani, kipimo hakina maana, kwa sababu hakuna ajuaye kimetoka wapi. Mnaona basi kwamba kazi hii huanza kwa kalamu na karatasi, kama darasa letu.

Pili, katika maabara mpimaji hupima mafuta kidogo kwa mizani nyepesi mno, labda gramu 1. Huyayeyusha katika methanoli, akayatikisa, akayachuja, ili nta na uchafu visizibe bomba.

Tatu, kabla ya kuyapima mafuta hayo, hupitisha methanoli tupu. Kilima kisionekane. Kikionekana, mashine au chombo ni kichafu, na hana budi kusafisha. Asipofanya hivyo, atamshtaki mtu kwa uchafu wa maabara yake mwenyewe.

Nne, hupitisha haidrokwinoni safi ambayo kipimo chake anakijua. Hiki ndicho kielelezo. Tuseme kilima chake kinatokea dakika ya 4. Basi sasa anajua saa ya kufika ya haidrokwinoni.

Tano, ndipo anapopitisha mafuta ya kopo. Tone moja ni kubwa mno kwa mashine hii. Kiasi chini ya nusu ya tone chatosha. Kilima kikitokea dakika ya 4, mpimaji hushuku. Sikusema huhukumu, nimesema hushuku. Kwa maana watu wawili wasio ndugu huweza kufika Nyakanazi saa ile ile. Basi hukitazama kivuli chenyewe kwa mianga ya namna nyingi. Kila dawa ina sura ya kivuli chake. Saa ikiwa ile ile, na sura ikiwa ile ile, sasa ana haki ya kusema. Na hata hapo hurudia kupima, asije akategemea mara moja tu.

HESABU YAKE

Hesabu hii ni mfano tu. Mwalimu, iandike ubaoni, na kila mwanafunzi aifuate kwa kidole.

Kielelezo kina miligramu 100 za haidrokwinoni katika lita moja. Kilima chake kina ukubwa wa 500.

Mafuta ya kopo yametoa kilima cha 1,000. Kilima hicho ni mara mbili ya kile cha kwanza. Kwa hiyo kimiminika chetu kina miligramu 200 katika lita moja.

Lakini mpimaji hakuwa na lita nzima. Aliyeyusha gramu 1 ya mafuta katika sehemu moja ya kumi ya lita. Sehemu moja ya kumi ya 200 ni 20. Kwa hiyo katika gramu 1 ya mafuta mna miligramu 20 za haidrokwinoni.

Gramu 1 ni miligramu 1,000. Ishirini katika elfu moja ni sawa na mbili katika mia. Jibu: asilimia 2. Na kipodozi hiki kilitakiwa kisiwe nayo hata kidogo.

Mnaona? Hesabu iliyomfunga mwenye kiwanda ni ya kuzidisha na kugawanya, ile ile tunayoifanya hapa kwa bei ya debe la maharage.

MASHINE HUJIBU INACHOULIZWA

Sikilizeni jambo hili vizuri, kwa sababu watu wengi hudanganyika hapa. Mashine hii huzipata haidrokwinoni na steroidi. Zebaki haitafutwi kwa njia hii tuliyoieleza. Zebaki ina kipimo chake: hugeuzwa kuwa mvuke, mvuke ukapitishwa mbele ya taa maalumu, na wapimaji hutazama mwanga uliomezwa. Vipo pia vyombo vya mkononi vya miali ya eksirei, vinavyoweza kuishuku zebaki pale pale dukani.

Basi mtu akikuletea karatasi akasema, "Mafuta yangu yamepimwa, hayana haidrokwinoni," muulize: "Je, yalipimwa zebaki? Je, yalipimwa steroidi? Na kopo lililopimwa ni la toleo hili hili?" Karatasi ya kipimo husema juu ya kile kilichotafutwa tu.

SHERIA NA MIPAKA

Kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, Tanzania iliunda mamlaka iliyoitwa TFDA kusimamia mambo hayo. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba, ikaitwa TMDA. Nchini Tanzania zebaki, haidrokwinoni na steroidi zimepigwa marufuku katika vipodozi.

Dunia nayo ina mkataba juu ya zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata. Minamata ni mji wa Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki iliyotoka kiwandani uligunduliwa mwaka 1956. Mkataba ulikubaliwa mwaka 2013, ukaanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwanza ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 katika kilo. Hiyo ni kama punje moja au mbili za sukari katika kilo nzima. Mwaka 2023 nchi zilikubaliana kwenda mbele zaidi: kipodozi chochote kilichotiwa zebaki, hata kidogo, kiondolewe ifikapo mwaka 2025.

Sisi wa Ngara twakaa mlangoni. Rusumo ni mlango wa Rwanda, na Kabanga ni mlango wa Burundi. Barabara ya Rusumo huingia Biharamulo, ikafika Nyakanazi, na hapo bidhaa hutawanyika kwenda Kigoma, Kahama na Mwanza. Rwanda nayo ilianza msako mkali wa mafuta haya mwishoni mwa mwaka 2018 na kuingia 2019. Ndipo mjue kwamba kopo likifukuzwa upande mmoja, hutafuta njia ya panya upande wa pili. Maabara ziko mbali na vijiji vyetu, wala mkaguzi hawezi kukaa katika kila gulio. Katikati hapo, mlinzi ni msomaji.

KISOMO CHAKO NI KINGA YAKO

Majina ya sumu hizi huandikwa kwenye kopo kwa Kiingereza, tena kwa herufi ndogo sana. Huhitaji kukijua Kiingereza. Wahitaji kuzijua herufi tu, nawe unazijua. Mwalimu, andika ubaoni kwa herufi kubwa, nao wanafunzi wanakili katika madaftari:

HYDROQUINONE. MERCURY. CALOMEL. CLOBETASOL. BETAMETHASONE.

La kwanza ndilo haidrokwinoni. Mawili yanayofuata ni ya zebaki. Mawili ya mwisho ni ya steroidi. Beba daftari lako dukani, ulinganishe herufi kwa herufi. Ukiliona moja katika haya, lirudishe kopo rafuni.

Tazama na alama nyingine. Kopo likikuonya usiliguse kwa pete au mkufu wa dhahabu au fedha, shuku zebaki. Wachimbaji watakueleza sababu: zebaki na dhahabu hushikana. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi, liache. Mafuta meupe yanayogeuka kahawia yakikaa wazi nayo yatie shaka, kwa sababu haidrokwinoni hugeuka hivyo ikipata hewa. Lakini alama hizi ni za kukutahadharisha tu. Hazichukui mahali pa maabara. Na mkorogo uliomiminwa katika kichupa kisicho na maandishi hauna hata neno moja la kusoma. Huo usiupake kamwe.

Je, kama umekwisha kujipaka? Ndugu yangu, usione haya, wala usikae kimya. Nenda zahanati au kituo cha afya, ukiwa na kopo lenyewe mkononi. Mweleze mganga umejipaka kwa muda gani. Kama u mjamzito au unanyonyesha, sema mapema. Jua pia kwamba mtu aliyezoea steroidi, akiacha ghafla, ngozi huweza kuwaka na kuwasha. Ndiyo maana wengi huacha leo wakarudia kesho, wakidhani dawa ndiyo iliyokuwa ikiwaponya. Mganga atakuongoza namna ya kuacha. Kopo usilichome moto, maana zebaki ikipashwa moto hutoa mvuke wa sumu. Lifunge, ulipeleke kwa Bwana Afya au Bibi Afya.

Nawe mwenye duka, nunua kwa mtu unayemjua, na dai risiti yenye jina na namba ya toleo. Siku mkaguzi atakapokuja, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kopo lilitoka kwa nani. Asiye na karatasi hubeba peke yake kosa la mwingine.

MANENO MAPYA

Kipodozi: kitu cha kupaka au kujipamba mwilini.
Sampuli: sehemu ndogo inayochukuliwa ili ipimwe kwa niaba ya nyingine.
Kielelezo: kitu safi chenye kipimo kinachojulikana, cha kulinganishia.
Maabara: nyumba ya kufanyia vipimo.
Kromatografia: njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika.
Toleo: bidhaa zote zilizotengenezwa kwa mara moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Katika jaribio letu la wino, ni nini kilichoivuta rangi iende, na ni nini kilichoishika?
2. Kwa nini klobetasoli hutoka katika bomba baada ya haidrokwinoni?
3. Kwa nini mpimaji hupitisha methanoli tupu kwanza?
4. Mafuta yamepimwa, haidrokwinoni haikuonekana. Je, ni salama? Toeni sababu.
5. Kielelezo cha miligramu 100 kimetoa kilima cha 500. Mafuta mengine yametoa kilima cha 250. Gramu 1 iliyeyushwa katika sehemu moja ya kumi ya lita. Mafuta hayo yana asilimia ngapi ya haidrokwinoni?
6. Kila mwanafunzi alete kopo moja tupu kutoka nyumbani. Someni pamoja maandishi yake yote, hata yale madogo.

Majibu ya swali la tano yaandikwe daftarini, na mwalimu ayasahihishe. Mpaka somo lijalo, kwaherini.